Swali Nililouliza Siku ya Idi

Mwanangu Ruweida,

Salamu nilikupa asubuhi uliponipita jikoni bila kunitazama, na hukuitika, basi hapa naziruka. Wewe na mama yako mmekwenda Ilford Lane kutafuta begi la tatu, kana kwamba huko Marseille hakuna maduka. Mtachukua saa tatu kwa uchache, kwa sababu mama yako hawezi kununua kitu bila kukirudisha kwanza. Habari za nguo nzito, kula vizuri na kusali kwa wakati utazisikia kwake kesho njia nzima mpaka stesheni. Mimi nina hasira, na nitaandika nikiwa nazo hizo hizo.

Kwanza jana. Najua nilikuaibisha. Chakula cha kukuaga, sebule imejaa, biriani liko mezani, na mimi baba mtu napiga meza mpaka juisi inamwagika kwenye zulia. Wewe ukasema, "Baba, what is wrong with you?" ukapanda juu ukafunga mlango. Wageni wakaanza kutafuta viatu vyao. Hata sikukufuata.

Ulikuwa unawasimulia barua ya notari, unawachekesha. Kwa Wafaransa nyumba hainunuliwi bila notari, yule mwanasheria anayeandika hati, na notari wenu amewauliza wewe na Fuad kama mnataka kifungu cha tontini kitiwe ndani ya hati: kwamba mmoja wenu akifa, atakayebaki ahesabiwe kuwa nyumba ilikuwa yake peke yake tangu siku ya kununua. Ukasema, "Eti ananiuliza nani atakufa mwanzo! Nikamwambia Fuad, mimi nataka mume, sitaki nyumba." Wanawake wakapiga vigelegele. Chumba kizima kilicheka isipokuwa watu wawili. Mmoja mimi. Mwengine bibi yako Zaitun, aliyekaa kwenye kochi karibu na dirisha na sahani mapajani. Aliteremsha macho akawa anautazama wali wake.

Maneno hayo ni yake, Ruweida. Neno kwa neno. Aliyasema siku ya Idi, wewe una miaka mitatu, unazunguka na puto kati ya miguu ya wageni. Na aliyemfikisha pahala pa kuyasema ni mimi.

Wewe unamjua Bi Zaitun kama bibi wa Hayes, anayekupikia visheti na kukugombeza kwa nywele zako. Unajua kuwa ni mke wa pili wa babu yako, aliyemwoa baada ya mama yangu kufariki, na kwamba hawakujaaliwa mtoto. Unajua walihamia Ufaransa wakazeekea huko, babu akafa, na bibi akarudi London kwa sababu ya upweke. Hiyo ya upweke niliitunga mimi.

Bi Zaitun ni Mngazija wa Unguja. Dada yake aliolewa na baharia wakakaa karibu na Dunkirk, ng'ambo tu ya Dover, na dada huyo ndiye aliyewaonyesha ile nyumba waliyoinunua. Ilikuwa ya matofali mekundu, vyumba viwili, na nyuma kiwanja cha kutosha kuku sita na tuta la mchicha ambalo Bi Zaitun alilifunika kwa plastiki kama mtoto mchanga. Nusu ya bei aliitoa yeye. Miaka ishirini alisafisha ofisi za uwanja wa ndege, anatoka Hayes alfajiri na ndoo yake, halafu kuna watu wa kwetu hapa Ilford waliokuwa wakisema babu yako "amemnunulia mkewe nyumba." Nilikuwa nawasikia, na sikuwasahihisha hata siku moja.

Barua ya notari wa wakati ule iliandikwa kwa Kiingereza, na ilikuja kwangu, kwa sababu babu yako alitoa anwani yangu. Kiingereza chake kilikuwa cha kazini, si cha sheria. Nikaisoma mara tatu. Ilieleza wazi kabisa. Bila kile kifungu, akifa mzee, nusu yake inagawiwa, na kwa sheria yao mtoto hanyimwi. Mke asiyekuwa mama wa yule mtoto anapewa robo ya ile nusu, kilichobaki ni cha mtoto. Mtoto mwenyewe ni mimi, peke yangu. Kifungu kikiwamo, mimi sipati hata kitasa. Nikawaza mama yangu aliyefia kwenye fleti ya kupanga Stratford, hakuwahi kuwa na mlango wake mwenyewe, na huyu aliyekuja nyuma ndiye akalie nyumba? Nikaikunja barua nikaitia mfukoni mwa koti.

Ningeweza kwenda kwao siku yoyote, nikae nao wawili, niisome kwa Kiswahili mstari kwa mstari. Nilingoja Idi. Wewe umezaliwa hapa, huenda hujui, lakini kwetu jambo la mume na mke likiulizwa chumbani lina jibu lake, na likiulizwa mbele ya watu lina jibu jengine. Mimi nilijua. Nikangoja wageni wajae, kahawa imeshamiminwa, sahani ya halwa inapita, nikasema kwa sauti, "Baba, yule notari anauliza: ukifa wewe, nyumba yote achukue Bi Zaitun?"

Hilo lilikuwa nusu ya swali. Kifungu kilikuwa cha pande zote mbili. Angetangulia yeye, nyumba yote ingekuwa ya babu yako. Hiyo nusu ya pili niliila.

Babu yako akaweka kikombe chini. "Astaghfirullah! Siku ya Idi mtu ananichuria kifo?" Watu wakageuka wakamtazama Bi Zaitun. Angejibu nini? Mke wa pili, hana mtoto, yumo ndani ya nyumba ya mtoto wa mke wa kwanza. Akisema ndiyo, kesho Ilford nzima inasema anamhesabia mzee pumzi. Akavuta mtandio wake akacheka. "Nyoo! Mie nataka mume, sitaki nyumba." Vigelegele. Babu yako akatabasamu mpaka machozi yakamlenga, maskini, akaona kapendwa mbele ya watu. Wiki ile ile nikamwandikia notari kuwa wazee hawakitaki. Kifungu hicho kisipotiwa siku ya kununua hakitiwi tena.

Walikaa kule miaka sita. Ulikuwa ukienda likizo, unatoka kwenye banda la kuku na mayai ya moto mfukoni. Halafu babu yako akaanguka bustanini, na kabla ya ambulansi kufika alikuwa ameshakwenda zake.

Sasa nitakwambia la pili, ambalo ni baya kuliko la kwanza.

Bi Zaitun akakaa eda. Miezi minne na siku kumi, hatoki, haonani na wanaume wa nje, haendi ofisi za watu. Mimi nilikwenda kila wiki ya pili kwa meli ya Dover na katoni ya maembe ya Pakistan, nikimbusu mkono nikiingia na nikitoka. Barua za notari zilikuwa zinakuja kwa Kifaransa. Akaziweka zote kwenye mfuko wa plastiki, hakufungua hata moja, akanipa. "Mwanangu, mie nimo ndani ya eda. Wewe ndiye mwanamume wa nyumba hii. Fanya unavyoona." Nikampa mtu niliyekuwa nafanya naye kazi, aliyekijua Kifaransa, akanisomea. Moja ilisema hivi: mjane ana mwaka mmoja wa kukaa bure, hilo hapewi na mtu, anapewa na sheria, na ndani ya mwaka huo huo akitamka kwamba anataka kubaki katika nyumba ile mpaka kufa kwake, basi atabaki, na hakuna mtoto wa kumtoa. Atamke tu. Aseme neno moja kwa notari.

Sikumwambia. Nilimwambia, "Ni mambo ya kodi tu, Mama, usijisumbue." Eda ikesha, miezi ikapita, mwaka ukatimia. Mwezi uliofuata nikadai nyumba iuzwe, na kwa sheria yao mwenye fungu hata dogo akitaka kutoka katika umiliki wa pamoja, hazuiliwi. Kulinunua fungu langu hakuweza. Mama yako aliniambia, "Nassor, hii si haki," nikamwambia ashughulike na jiko lake. Bi Zaitun mwenyewe aliniuliza mara moja tu, kwa simu: "Basi hapana njia yoyote, mwanangu?" Unajua nilimjibu nini? Nilimwambia kwa sheria yetu mke ana thumuni tu, moja ya nane, Mfaransa kampa robo, ashukuru. Nilimsomea mirathi mwanamke aliyeilipia nusu ya nyumba kwa kusugua vyoo. Mpaka leo nikilikumbuka jibu lile natamani kujipiga kofi.

Na mimi si mtu wa kusema sikujua. Kila Idi, kabla ya kahawa, babu yako alikuwa akitusimulia jinsi mama yake alivyotolewa nyumbani kwake Unguja baada ya Mapinduzi, akiwa bado ndani ya eda, kanga kajifunga kichwani, mimi mchanga nimebebwa mgongoni, hajui aende wapi. Hadithi ile nimeisikia tangu sijaota meno. Niliwachukia watu wale bila kuwajua sura. Nimekaa nayo chuki hiyo miaka yote, nikadhani kuichukia dhuluma iliyompata mtu mwenyewe ni sawa na kutoweza kuifanya.

Fungu langu ndilo lililotangulizwa kununulia nyumba hii. Chumba ulichojifungia jana, na ile karatasi ya nyota uliyoibandika darini, kimetoka kule. Sikwambii ili nawe ubebe mzigo, ulikuwa mtoto. Nakwambia kwa sababu jana uliniuliza nina nini, na hilo ndilo.

Sasa Fuad. Sina neno naye. Ni mtu mzima, anafanya kazi, na nikahi mmeshaiandikisha serikalini, mmefanya vizuri. Watoto wake wawili wa mke wa kwanza nao nimewaona harusini, wana adabu, yule mkubwa kanibusu mkono. Mimi pia nilikuwa nabusu mkono, Ruweida! Mtoto anaweza kukupenda kweli na siku baba yake akifa akakugeukia, na wala asijione mbaya. Atajiona anamtetea mama yake. Atajiona na haki, na karatasi atakuwa nazo. Fuad akitangulia bila kile kifungu, wewe utakuwa na nusu yako na robo ya nusu yake, na hao vijana watakuwa na kilichobaki, na siku watakayotaka kutoka, utakuwa unafunga mabegi.

Uliniambia wiki iliyopita, kwenye gari, "Baba, siwezi kumwuliza hivyo, ni awkward, watoto wake wataniona vipi?" Wataniona vipi! Umezaliwa London, umesomea London, unagombana na dereva wa basi kwa Kiingereza cha malkia, na kwenye hili tu ndipo umekuwa mwari wa Unguja. Waliokupigia vigelegele jana, nani kati yao atakupa chumba? Mama yako mdogo mwenyewe hana kochi la kutosha.

Basi mwulize mumeo. Msiulizane mbele ya mama yake, wala mbele ya watoto, wala kwa simu na mtu amekaa pembeni. Mwulize mnaosha vyombo. Na umwulize swali zima, usilikate kama nilivyolikata mimi. Mwambie: nikitangulia mie, yote yako, ukitangulia wewe, yote yangu. Ni bahati nasibu, na mimi sikufichi. Ukitangulia wewe, wajukuu wangu, ukijaaliwa, watamtegemea yeye kwa nyumba ile. Mkigombana, hakuna atakayeweza kumlazimisha mwenzake kuuza. Na wale vijana wasipate tontini kama kofi siku ya mazishi. Baba yao awaambie akiwa hai, kwa mdomo wake, na awawekee chao kwengine. Sikukutuma ukawe mimi. Nakutuma usiwe Bi Zaitun.

Na Ilford utakutana na wajuzi. Mmoja atakwambia andika wasia wa Kiingereza, yamekwisha. Hayajesha, Wafaransa wamewafungulia watoto mlango wa kudai hata hapo. Mwengine atakwambia mtabadilisha mkataba wa ndoa baadaye. Mtaweza, na watoto wa mke wa kwanza wataweza kuupinga mahakamani. Mwulize notari yote hayo, kaa kwenye kiti mpaka akujibu, na ikibidi uitishe mkalimani, awe mtu wa kulipwa, asiwe ndugu.

Asubuhi uliponipita jikoni, koti nililokuwa navaa lilikuwa la kwenda Hayes. Sikutaka usome barua hii kabla yeye hajayasikia. Nikapanda Elizabeth line mpaka kule, nikamkuta anakaanga mandazi, ndege zinapita juu ya paa mpaka sahani zinatetemeka. Nikamweleza yote nimesimama. Alizima jiko.

"Nassor, la Idi ulidhani sikulijua?" akasema. "Uliuliza unanitazama mie. Humtazami baba yako."

"Mbona hukusema, Mama?"

"Nikasema nini, mbele ya watu?"

Halafu nikamwambia la barua ya mwaka mmoja. Hilo hakulijua. Niliona usoni mwake kuwa hakulijua. Akakaa kwenye kiti cha jikoni, mikono ina unga. Akasema, "Kwa hiyo ningekuwa nipo kule mpaka leo." Akaupangusa unga kwenye kanga yake. "Kuku wangu niligawa," akasema. "Niliwagawa mmoja mmoja."

Nikamwambia chumba chako kitakuwa kitupu kuanzia kesho, aje akae kwetu, nyumba ni yake. Akacheka, na kicheko kile sikipendi kukikumbuka. "Kwa hati ya nani?" akaniuliza.

Nikamwambia nitakuandikia wewe, na humo ndani nitamwomba radhi na yeye. Hapo ndipo alipoinuka. "Radhi zangu usiziombe kwenye barua ya mtu mwengine. Huyo mtoto mwambie mficha uchi hazai. Mie nilificha. Mwambie aseme." Akanifungulia mlango. Ni mara ya kwanza nimetoka nyumbani mwa mwanamke yule bila kupewa kitu cha kula.

Kwa hiyo sina radhi za kukugawia, na sijui kama nitazipata. Kesho kutwa nitakwenda kwa wakili kuulizia namna ya kumwandikia fungu lake katika nyumba hii, kwa hati, mama yako amekubali kabla sijamaliza sentensi. Hapo Hayes mlango huenda usifunguliwe. Nitarudi tena. Hilo ni langu na yeye, wewe usiingie kutupatanisha, nakujua.

Nasikia gari la mama yako linajaribu kuegesha. Barua hii naitia kwenye begi dogo, mfuko wa pembeni, pamoja na ile ya notari wa kwanza, ya Kiingereza. Sijui kwa nini niliiweka miaka yote. Isome mwenyewe, uone ilivyo rahisi kueleweka.

Jumanne mtakaa mbele ya notari. Ukishatia saini, na kifungu kimo, umekisoma kwa macho yako, usinipigie mimi. Mpigie bibi yako Hayes. Usimweleze mambo ya sheria, atachoka. Mwambie hivi tu: "Bibi, nimesema."

Baba yako,
Nassor